Ulimi unaowaka bila kidonda: dawa ya kumumunya au tiba ya mazungumzo?

Kuna wagonjwa wa kinywa ambao ukiwaambia wafungue mdomo huoni kitu. Ulimi una rangi yake, ufizi mzima, hakuna utando wala kidonda. Mwenyewe anakuambia ncha ya ulimi na midomo vinamuwaka tangu Ramadhani iliyopita. Asubuhi anaamka salama, lakini ikifika magharibi hataki kusemeshwa na mtu.

Huku kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mgonjwa wa namna hii akifika kliniki ya meno huwa ameshapitia njia mbili. Ya kwanza ni ya duka la dawa: nistatini (dawa ya fangasi), vitamini B, dawa ya kusukutua, kisha nistatini tena. Ya pili ni ya maneno: "Mama, huna ugonjwa, ni mawazo tu." Zote mbili humwacha pale pale, na ile ya pili humwongezea aibu.

Ninazolinganisha hapa ni tiba mbili zinazostahili kufikiriwa kwanza kwa ugonjwa huu wa kinywa kuwaka (kwa Kiingereza, burning mouth syndrome): ile inayoshughulikia neva za ulimi na ile inayoshughulikia wasiwasi, usingizi na fikra zinazoyakuza maumivu. Niseme mapema ninaposimama. Kuuliza "ni ulimi au ni kichwa?" hakumsaidii mtu kuchagua. Kinachosaidia ni kujua moto wenyewe unakwendaje tangu asubuhi hadi usiku, moyo wa mgonjwa ukoje, na kitu gani anaweza kukipata bila kuuza mbuzi.

Kwanza hakikisha ndio wenyewe

Huu ugonjwa una masharti. Moto uwe wa kila siku, zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa zaidi ya miezi 3, na mdomo ukaguliwe usionekane na sababu. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokaribia kukoma hedhi au waliokwisha koma. Mara nyingi huja pamoja na ladha ya uchungu au ya chuma mdomoni, na hisia ya ukavu hata pale mate yapo.

Lakini kinywa kinaweza kuwaka kwa sababu nyingine zenye dawa yake, na hizo lazima ziondolewe kwanza: fangasi, upungufu wa chuma, wa B12 au wa foliki, kisukari, tezi ya shingo iliyozembea, meno bandia yanayosugua, asidi inayopanda kutoka tumboni. Dawa za presha za jamii ya kaptoprili, enalaprili na lisinoprili nazo zinaweza kuwasha kinywa. Usiziache kwa uamuzi wako, mwambie aliyekuandikia akubadilishie. Dawa ya meno yenye mdalasini au povu kali pia hushukiwa, na hiyo unaweza kuibadilisha leo hii. Kwa hapa Uganda naongeza kipimo cha VVU kama hujapima karibuni, kwa sababu fangasi wa mdomoni ni dalili yake inayojulikana tangu zamani.

Kuna kidokezo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakina gharama: chakula. Mwenye fangasi au kidonda akila huumia. Mwenye huu moto wa neva, mara nyingi akitafuna kitu laini hupata nafuu, na moto hurudi baada ya kumeza. Nazungumzia matoke au uji, si embe bichi la chumvi na pilipili wala maji ya mkwaju. Hivyo vitamuunguza mtu yeyote.

Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki 3, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe mgumu, au ganzi ya upande mmoja, acha kusoma ulinganisho. Hiyo ni safari ya kwenda kuchunguzwa, ikibidi kukatwa kinyama kidogo kipimwe.

Maelezo mawili, na yote yana ukweli

Upande wa neva una ushahidi wa kushikika. Mwaka 2005 watafiti wa Italia walichukua vipande vidogo vya ngozi ya ulimi wa wagonjwa hawa, wakakuta nyuzi nyembamba za neva zimepungua kuliko kwa watu wenye afya. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba joto na maumivu. Zikiharibika zinaweza kupeleka habari ya moto mahali ambapo hakuna moto. Jambo la pili ni ladha. Neva ya ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi hupita ndani ya sikio la kati kabla ya kuingia kwenye ubongo, na inaaminika kwamba habari zake huizuia ile neva nyingine ya uso inayobeba maumivu. Ladha ikififia, kizuizi kinalegea. Ndiyo sababu watu wengi hulalamikia moto na uchungu wa mdomo kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu inayotolewa kueleza kwa nini kula kunatuliza: ladha imeamka, imerudi kazini.

Upande wa akili nao si hadithi. Wasiwasi, huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi na hofu ya kansa vinapatikana kwa wagonjwa hawa zaidi kuliko kwa wengine. Hofu ya kansa naiweka mbele. Mama mmoja wa mtaa wa Oli alikaa kwenye kiti, akaninong'oneza kabla sijavaa glavu: "Mwanangu, nambie ukweli, si ile kitu ya dada yangu?" Dada yake alikufa kwa kansa ya koo. Alikuwa anatazama ulimi wake kwenye kioo cha simu mara nyingi kwa siku, anausugua na meno kuupima kama bado unawaka. Ulimi unaosuguliwa hivyo utawaka tu, hata ungekuwa wangu.

Kipi kilianza? Watu wengi walikuwa na wasiwasi kabla ya ulimi kuwaka. Wengine waliupata baada ya mwaka mzima wa kuungua na kutoaminiwa. Kuna hoja pia kwamba msongo wa muda mrefu pamoja na kupungua kwa homoni baada ya hedhi kukoma huziondolea neva kinga yake, na hapo maelezo yote mawili yanakuwa mamoja. Mgonjwa hahitaji kusubiri wanasayansi wamalize ubishi. Anahitaji kujua kwamba akipelekwa kwa mshauri haina maana kwamba anasingizia.

Upande wa kwanza: klonazepamu ya kumumunya

Klonazepamu ni dawa ya kifafa na ya wasiwasi. Kwa ugonjwa huu hutumiwa kwa namna ya ajabu kidogo: hutaki iingie tumboni. Katika jaribio la Ufaransa lililochapishwa 2004, wagonjwa 48 walipewa kidonge cha miligramu 1 au kidonge kisicho na dawa. Walikimumunya dakika 3, mate wakayaweka pale panapouma bila kuyameza, kisha wakatema. Mara tatu kwa siku, siku 14. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya waliopata dawa yalishuka kwa pointi 2.4, ya wengine 0.6. Si muujiza, lakini mtu anayeishi kwenye 7 akishuka hadi chini ya 5 anarudi msikitini, anarudi sokoni, anaimba kwaya.

Namna ya kumumunya ndiyo inayoharibiwa na wengi, kwa hiyo niieleze. Kaa chini, tazama saa. Weka kidonge mbele ya ulimi, kiache kiyeyuke, usikitafune. Inamisha kichwa kidogo ili mate yakusanyike mbele, yasiteremke kooni. Yazungushe kwa ulimi kwenye midomo na kaakaa kama napo panawaka. Dakika 3 zikiisha tema yote, usisukutue na usinywe chai kwa muda. Kiasi kidogo hupenya hata ukitema, kwa hiyo unaweza kusinzia. Dereva wa boda asianze dawa hii siku ya kazi. Usichanganye na waragi wala malwa. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini au wa mapafu, au aliyewahi kunaswa na dawa za usingizi, aseme mapema kwa daktari.

Na hii ni dawa ya cheti. Mazoea yake ni ya kweli: ukiitumia muda mrefu halafu ukaikata ghafla, mwili hulipiza kisasi. Ipunguzwe kidogo kidogo chini ya daktari. Ukiona mtu anakuuzia dukani bila karatasi, hata bei iwe nzuri, mpite.

Upande wa pili: tiba ya mazungumzo

Watu wakisikia mazungumzo hufikiri ni kupewa pole. Sivyo. Katika tiba ya fikra na mwenendo, mgonjwa na mtabibu wanafuatilia mnyororo: ulimi ukaanza kuwaka saa nane, nikafikiri "hii ni kansa", nikaenda kwenye kioo, nikausugua, moyo ukadunda, moto ukapanda. Kisha wanaukata mahali fulani, pengine kwenye kioo, pengine kwenye ile fikra. Hujifunza pia kupumua polepole, kulegeza taya na kuuacha ulimi upumzike sakafuni mwa mdomo, maana wengi wao wanausukuma kwenye meno bila kujua. Na usingizi hupangwa upya.

Ushahidi wake ni mdogo lakini si wa kudharau. Uswidi, mwaka 1995, wagonjwa 30 ambao tiba nyingine zilishindwa waligawanywa. Nusu walipata tiba hii saa moja kwa wiki, wiki 12 hadi 15. Moto ulipungua kwao, na miezi 6 baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hilo la miezi 6 ndilo linalonivutia. Klonazepamu ya siku 14 ilipimwa kwa siku 14.

Utasema hayo ni mambo ya Uswidi. Uganda tuna historia yetu. Jaribio lililochapishwa 2003 lilifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wakikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa ambao hawakuwa madaktari. Huzuni ilipungua sana kuliko kwa wasiokuwa kwenye vikundi. Haikuwa tiba ya ulimi, nisidanganye. Ilikuwa ya ugonjwa wa huzuni. Lakini ilionyesha kwamba tiba ya kikundi inaweza kufanywa kijijini, chini ya mwembe, kwa lugha ya watu wenyewe. Mgonjwa wa ulimi ambaye pia amezama kwenye huzuni ana mahali pa kuanzia.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa kasi, klonazepamu inashinda. Ndani ya wiki 2 unajua kama inakufaa. Mazungumzo yanataka miezi, na wiki za kwanza unaweza kuona unapoteza muda.

Kwa kudumu, naegemea mazungumzo. Ulichojifunza hakiishi kama kopo la vidonge, na hakileti kusinzia wala mazoea.

Kwa pesa, mambo yanageuka. Huduma kwenye vituo vya serikali haina ada tangu 2001, isipokuwa wadi za kulipia, lakini dawa ikikosekana stoo utaandikiwa ukanunue. Vidonge vya wiki 2 ni gharama unayoweza kuijua mapema kwa kuuliza famasia mbili tatu. Mazungumzo hayana bei ya kidonge, yana bei ya nauli. Mtu wa Koboko akija Arua kila wiki kwa miezi mitatu, nauli ndiyo itakayomshinda, si ada. Kwa huyo, kuja mara moja kwa mwezi na kufanya mazoezi ya daftari nyumbani ni bora kuliko mpango mzuri atakaouacha wiki ya tatu.

Kwa upatikanaji: hospitali za rufaa za mikoa, pamoja na hii ya Arua, zina kitengo cha afya ya akili. Kampala kuna hospitali ya Butabika kwa upande wa akili na ya Mulago kwa upande wa kinywa. Watu wanaogopa jina la Butabika, najua. Mwombe daktari aandike kwenye karatasi ya rufaa kwamba ni maumivu ya muda mrefu ya ulimi. Hiyo ndiyo kweli, na inamwezesha mgonjwa kuwaambia wa nyumbani anakokwenda bila kujitetea. Lugha nayo iulizwe. Tiba hii haifanyiki vizuri kwa mkalimani wa mjukuu, maana bibi hatasema mbele yake yanayomkosesha usingizi. Waliozoea Kiswahili, kuanzia Bombo hadi kambi za wakimbizi wa Kongo kule Kyangwali na Nakivale, waombe mtoa huduma anayekisema.

Kuna utafiti wa Ufaransa wa 2010 ambao kwangu ndio unaosaidia kuchagua kuliko mingine. Wagonjwa walichomwa sindano ya ganzi kwenye neva ya ulimi. Baadhi maumivu yalishuka. Hawa tatizo lao linaonekana kuwa kwenye ulimi wenyewe. Wengine hayakushuka, hata yalielekea kupanda. Kwao kiini kiko juu zaidi, kwenye ubongo. Kundi la kwanza lilielekea kufaidika zaidi na klonazepamu ya kumumunya. Kundi la pili ndilo lililokuwa na alama za juu za wasiwasi na huzuni. Walikuwa wachache, na tofauti ya dawa haikuwa ya kuapia, lakini mwelekeo wake unalingana na tunayoyaona kitini.

Nyinginezo, kwa kifupi

Amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku, ni dawa ya siku nyingi na hupatikana hadi vituo vidogo. Inafaa pale usingizi umeharibika. Ubaya wake ni kwamba hukausha mdomo, na mdomo mkavu ndio malalamiko uliyokuja nayo.

Maji ya kusukutua yenye pilipili yana mantiki: kemikali ya pilipili huzichosha neva za moto. Mwanzoni huwaka vibaya, wengi huacha. Ile ya kumeza huumiza tumbo. Usianze kwa kusaga pilipili za shambani ukadhani ni kitu kimoja.

Asidi ya alfa-lipoiki ilisifiwa sana. Majaribio ya baadaye hayakuona tofauti na kidonge kitupu. Pesa hiyo nunulia mayai.

Dawa ya ganzi ya kupaka humsaidia mmoja, mwingine humzidishia moto, kwa sababu inazima ladha pamoja na maumivu.

Na nani anayejua zaidi? Mapitio makubwa ya 2016 yaliyokusanya majaribio 23 yalisema ushahidi hautoshi kuipitisha wala kuikataa tiba yoyote. Yeyote anayekuuzia uhakika, awe na koti jeupe au na mizizi, amezidi kipimo. Kumbuka pia kwamba vidonge vitupu vimewapa nafuu watu wengi kwenye majaribio haya, kwa hiyo ushuhuda wa jirani si kipimo.

Nani aanze na nini

Kama unaamka bila maumivu, moto unapanda kadiri jua linavyopanda, kula kunakutuliza, unalala vizuri na moyo wako umetulia, ningeanza na klonazepamu ya kumumunya kwa wiki 2, daktari akikubali.

Kama moto upo tangu unapofungua macho, usingizi umevunjika, unakagua ulimi kila mara, umekata tamaa au unaogopa kansa hata baada ya kupimwa, anza na mazungumzo, na uombe amitriptilini ya usiku ijadiliwe. Ukifikiria kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri miadi.

Walio katikati, nao ni wengi, wafanye yote mawili kwa zamu: dawa kwanza ili moto ushuke kiasi cha kuweza kukaa na mtu saa nzima kuzungumza, halafu mazungumzo yaendelee dawa ikipunguzwa. Kuanzisha vyote siku moja sikupendi, hutajua kilichokufaa ni kipi.

Kabla hujaanza chochote, andika kwenye daftari kwa wiki moja: asubuhi, mchana, usiku, moto wa ngapi kutoka 0 hadi 10, na ulilala vipi. Endelea kuandika ukiwa kwenye tiba. Klonazepamu ikifika siku ya 14 na namba hazijashuka angalau 2, irudishe kwa daktari, usiongeze dozi mwenyewe. Mazungumzo yape hadi mkutano wa 6 kabla ya kuyahukumu. Yote yakishindwa, bado kuna gabapentini na dawa nyingine za neva, na hizo ni za mtaalamu.

Usitarajie kwamba moto utakuacha wenyewe tu. Kati ya wagonjwa waliofuatiliwa Italia, matokeo yakachapishwa 2006, waliopona kabisa bila tiba walikuwa wachache mno. Hata kwa tiba mbalimbali, chini ya thuluthi walipata nafuu ya wastani, karibu nusu walibaki vile vile. Yule mama wa Oli tulianza naye na daftari na kioo: kioo mara moja tu kwa siku, asubuhi, pale anapopiga mswaki. Wiki ya kwanza alilalamika kuliko siku zote. Ya pili akaleta namba zake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu ya mjukuu, akaniuliza kwa nini Ijumaa moto unashuka. Ijumaa ndiyo siku dada zake wanamtembelea, wanakula pamoja, wanazungumza hadi alasiri. Sasa tunatafuta mtu wa kitengo cha akili atakayeikuza hiyo Ijumaa.